Kikao cha mawazo watu wote kimya, bosi anaongea peke yake. Kwenu mnafanyaje?

mhariri_mdogo

Wakuu habari zenu. Mi niko kwenye kampuni ndogo ya midia, tuko watu saba tu ukimhesabu na bosi. Tunatengeneza video fupi za mitandaoni, podikasti moja ya kila wiki, na kazi za wateja zikipatikana (ambazo ndo zinalipa mishahara, tusidanganyane). Shida yetu sio vifaa, shida ni mawazo. Yaani sio kwamba hatuna, tunayo, ila hayatoki, na yakitoka hayafiki popote.

Kila Jumatatu asubuhi tuna kikao cha mawazo. Ngoja niwasimulie cha wiki iliyopita mtaelewa. Tumekaa, bosi kashika makapeni kasimama ubaoni, kaandika juu MAWAZO MAPYA kapiga na mstari chini yake, kageuka, haya jamani tupeni vitu. Kimya. Unasikia feni tu. Mmoja anachungulia simu chini ya meza, mwingine anachora chora maua kwenye daftari. Ikapita kama dakika nzima bosi akasema basi ngoja nianze mimi, akatoa wazo lake, na hapo hapo watu wakapata sauti, ee hilo zuri bosi, hapo umegonga penyewe, na kikao kikageuka cha kulipamba wazo la bosi mpaka saa nzima ikaisha. Bendera zote zimefuata upepo. Sasa tukishatoka tu mlangoni ndo mtu anakuvuta pembeni, unajua mi nlikuwa na wazo moja...

Halafu kuna hili linaloniuma. Kuna dogo wetu wa kuediti, mpole, haongei sana. Mwezi uliopita alijitutumua akasema tufanye kipindi kimoja cha podikasti cha sauti tupu, bila mtangazaji, saa kumi alfajiri, sauti za watu walio kazini muda huo. Mtu mmoja (sio bosi) akauliza "nani atasikiliza mtu anafagia?" tukacheka wote, na mimi nikiwemo, naungama. Wazo likafa kibudu pale pale. Toka siku hiyo dogo kwenye kikao ni sawa na kiti.

Swali langu, nyie mlio kwenye timu ndogo mnafanyaje mawazo yatoke na yakue? Na tafadhali msiniambie bosi ndo mbaya, bosi wetu ni mtu mzuri tu, anaamini kabisa anatusaidia anapoanza yeye.

---

Kamera_Tatu

Futeni hicho kikao. Siriasi kabisa.

Sisi mawazo yetu yote ya maana yalizaliwa kwenye gari tukirudi kushuti, watu wamechoka, hamna wa kumpendeza. Ukimkalisha mtu mbele ya ubao Jumatatu asubuhi ukamwambia buni, atabuni nini?

---

fundi_sauti

Kamera_Tatu unachekesha ila nusu uko sahihi. Nusu nyingine sikubaliani, maana gari halina daftari, mangapi mmeongea humo kesho yake hamna anayekumbuka?

Mhariri, hicho kikao chenu mnachofanya kina baba yake. Alikuwa mtu wa matangazo Marekani anaitwa Alex Osborn, yule O wa kwenye jina la kampuni ya matangazo ya BBDO, ndo aliyeyapa umaarufu haya mambo ya kukusanya watu wamwage mawazo, kitabu chake kilichovuma zaidi kilitoka 1953. Masharti yake yalikuwa manne tu, usikosoe wakati wa kutoa, wazo la kichaa linakaribishwa, toeni mengi, na daka la mwenzio uliongezee. Sasa angalia nyie, la kwanza tu mmelivunja mlipomcheka dogo.

Ila hata ukifuata yote manne bado kuna tatizo. Mwaka 1958 pale chuo kikuu cha Yale, Marekani, watafiti walijaribu hivi, makundi ya watu wanne wanne yanakaa pamoja yanatoa mawazo, halafu watu wengine kila mtu peke yake, baadaye wakachukua majibu ya hao wa peke yao wakayaunganisha wanne wanne wakaondoa yaliyojirudia. Wale wa peke yao wakawa na mawazo karibu mara mbili ya wale waliokaa pamoja. Idadi ya watu ni ile ile na muda ni ule ule. Na 1987 watafiti wawili, Diehl na Stroebe, wakachimba sababu, wakakuta kubwa kuliko zote sio uvivu wala hata woga, ni foleni. Mtu mmoja akiongea wengine sita wanasubiri, na ukisubiri huku unamsikiliza aliyeshika zamu, la kwako linayeyuka, au unaanza kulihukumu mwenyewe, aah hili la kijinga ngoja nilimeze.

Kwa hiyo dawa yake ni ya kitoto kabisa, andikeni kabla hamjaongea. Mjerumani mmoja, Bernd Rohrbach, alikuja na mtindo wake 1968, watu 6, kila mtu anaandika mawazo 3 kwenye karatasi kwa dakika 5, dakika zikiisha unampa jirani karatasi yako, unapokea ya mwingine unaongezea matatu juu ya yale uliyokuta, mpaka karatasi zizunguke zote. Nusu saa mna mawazo 108 na hamna aliyefungua mdomo. Mengi ni takataka bila shaka! Ila kwenye takataka 108 hukosi matano ya kuokota, kwenye kimya chenu mnaokota moja la bosi.

Nyie mko saba, bosi akikaa pembeni mzunguko wa kwanza mnabaki sita kamili, ni kama mmetengenezewa.

Kitu kingine, nani anashika makapeni? Anayeshika makapeni ndo anayeamua nini kiandikwe na nini kipite kama upepo. Mpe dogo.

---

Ngoja_Kwanza

Mi naona mnazunguka mbuyu hapa. Karatasi, makapeni, sawa, lakini hamjamuuliza huyu ndugu swali moja. Kwenu mtu akitoa wazo likakubaliwa, nani analifanya?

Maana nlipokuwa mimi zamani, ukitoa wazo umejipa kazi. Nlisema siku moja tufanye mfululizo wa video za mafundi wanaotengeneza vitu vilivyoharibika, kila mtu akapiga makofi, bosi akasema safi sana basi wewe lisimamie. Nikalisimamia, nikaandika skripti, nikatafuta mafundi, nikashuti, nikaediti, na kazi zangu za kawaida ziko pale pale zinaningoja, dedilaini haikusogezwa hata siku moja. Wiki tatu nalala saa nane usiku. Ilipotoka watu wakaipenda, kwenye ripoti ya mteja likaandikwa wazo la kampuni.

Unadhani kikao kilichofuata nlifungua mdomo? Nlikuwa na mawazo kumi kichwani, nikanyamaza kama sina. Kwa hiyo kabla hujasema watu wako ni waoga, angalia kama kunyamaza sio akili. Mara nyingi kimya cha kikaoni ni hesabu, mtu ameshapiga akaona hasara.

---

mhariri_mdogo

Ngoja_Kwanza duh umenishika pabaya. Ndo hivyo hivyo kwetu, tena msemo wa bosi ni "mwenye wazo ndo mwenye kazi" na anausema kwa kusifia kabisa, anaona anampa mtu heshima. Sikuwahi kufikiria kwamba upande wa pili unasikika kama adhabu.

---

Mama_Skripti

Habari zenu wanangu. Mimi nimeandika skripti miaka mingi, nimekaa kwenye vikao mpaka vya kulala usingizi. Wametangulia wenzangu kusema ya kuyatoa mawazo, nami nakubaliana nao, ila mhariri uliuliza na ya kuyakuza, na hapo ndo timu nyingi ndogo zinaangukia pua.

Wazo likizaliwa huwa baya. Lote. Hata lililo zuri huzaliwa baya, lina miguu mitatu na halina kichwa. Kosa ni kulihukumu siku hiyo hiyo kama vile ni kipindi kilichokamilika. Mkiuliza "nani atasikiliza?" kabla ya kuuliza "tutasikia nini?" mmeshaliua.

Chukua hilo la mwanao wa kuediti, nilifanyie kazi hapa hapa mnione. Saa kumi alfajiri, watu walio kazini, sauti tupu. Mimi ningemuuliza maswali, sio kumsifia wala kumkosoa. Swali la kwanza, mwanangu sauti gani uliisikia mpaka ukawaza hivi? Nakuhakikishia ana jibu, hamna mtu anawaza saa kumi alfajiri hivi hivi, kuna usiku alikuwa macho akasikia kitu. Labda mlinzi anaimba kwa chini ili asisinzie. Basi tayari unaye mtu, sio "watu". La pili, kwa nini pasiwe na mtangazaji? Akijibu "kwa sababu akiongea mtu usiku wenyewe unakimbia", hapo ameshakupa sheria ya kipindi, na sheria ndo inayofanya kipindi kifanane na kitu. La tatu, mwisho wake ni nini, tunajuaje kimeisha? Kunapambazuka! Saa kumi mpaka kumi na mbili, giza linaondoka, sauti zinabadilika zenyewe, ndege wa kwanza, gari la kwanza, zamu inabadilishana. Mnaona? Mwanzo upo na mwisho upo na bado hatujatumia hata senti.

Na yule aliyecheka alisema jambo la maana bila kujua. Mtu anafagia, ndiyo, ufagio ukiusikia karibu sana, na hujui ni nini mpaka sekunde ya ishirini, unakaa kusubiri ujue. Sasa kicheko kimekuwa dakika ya kwanza ya kipindi.

Mtu mmoja peke yake hawezi kulifanya hili vizuri, hapa ndo nampinga kidogo fundi_sauti. Kuzaa zaeni peke yenu, kulea leeni pamoja. Hata huyo Osborn unayemtaja alisema kikao ni nyongeza ya mtu kufikiri mwenyewe, waliokuja nyuma yake ndo walibeba kikao wakaacha mengine.

Na acheni neno "wazo zuri". Ni neno la kufungia mlango, likishasemwa watu wanahamia jingine.

---

fundi_sauti

Mama nimepokea. Na hiyo ya ufagio naiba 😂

---

mzee_wa_redio

Shikamoo Mama Skripti, umemaliza karibu yote, mimi niongeze mawili matatu.

La kwanza nani anaamua. Vijana wengi wanadhani kufanya kazi kama timu maana yake wote tukubaliane. Hapana. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Kila kipindi kiwe na mtu mmoja ambaye neno lake ndo la mwisho KWENYE KIPINDI HICHO, na sio lazima awe bosi. Wenzake wanamwambia ukweli wote, hapa panachosha, hapa sikuelewa, mwanzo mrefu, yeye anasikiliza, halafu anakwenda kuamua mwenyewe. Pixar wale wa katuni wanayo kamati yao ya namna hiyo, waongozaji wa filamu wanaangalia kazi ya mwenzao ambayo haijaiva na kusema kasoro zote, lakini mwenye filamu halazimiki kufuata hata neno moja. Hiyo ya kutolazimika ndo inawafanya waseme kwa uhuru na yeye asikilize bila kujilinda. Ukisema kasoro sema tatizo, usimpe na dawa, dawa atafute mwenyewe, maana ukimpa dawa mtaanza kugombania dawa.

La pili, msibishane sana juu ya kitu ambacho hakipo. Nyie ni kampuni ndogo na hapo ndo mnawazidi wakubwa, wao ili wajaribu kitu inapita miezi ya barua na saini, nyie simu iko mfukoni. Mkibishana zaidi ya dakika kumi kama wazo litafanya kazi, basta, mtu aende akarekodi dakika mbili mbovu mbovu, mrudi msikilize. Nimeona ubishi wa wiki mbili ukaisha ndani ya sekunde arobaini za sauti, na kuna wakati mwenye wazo mwenyewe ndo aliyesema aah kumbe halifai, bila kuvunjwa moyo na mtu.

La tatu linamhusu Ngoja_Kwanza, pole sana kaka. Jina la mtu liandikwe. Hata kama ni kampuni, hata kama mteja hajali, mwisho wa kipindi liandikwe wazo la fulani. Haligharimu kitu na likikosekana linakula watu kimya kimya.

---

Kamera_Tatu

Sawa nimebadili msimamo, kikao kibaki ila kiwe kifupi 😅 Na mawazo yasiwekwe kwenye grupu la WhatsApp jamani, sisi tulifanya hivyo, wazo la saa tatu likifika saa nne limeshafunikwa na picha za hepi bethidei. Tafuteni sehemu moja tu, faili au daftari, kila wazo mstari mmoja na jina la mwenyewe na tarehe, na yaliyokataliwa msiyafute. Tuna moja lilikaa karibu mwaka mzima, akaja mteja anataka kitu kama kile kile, tukafungua tu.

---

Ngoja_Kwanza

Mzee wa redio marahaba... namaanisha shikamoo mzee 🙈 asante, nishapoa.

Mhariri kabla hujapeleka makaratasi kwa watu, maliza hilo la kazi kwanza. Mwenye wazo apunguziwe kitu kingine, au achague, kulifanya mwenyewe au kumpa mwenzake na jina lake likabaki. Bila hapo hata muandike kwa wino wa dhahabu.

---

mhariri_mdogo

Wakuu nimerudi, ni wiki ya pili sasa, niwape mrejesho maana mlinipa muda wenu.

Nlimfuata bosi pembeni, nikamwambia kuhusu ule msemo wake. Alishangaa kweli, akanyamaza kidogo, akasema kumbe ndo maana. Tukakubaliana mwenye wazo likipita anaondolewa kazi moja ya wiki hiyo, ataipokea mwingine. Kuna mmoja amenuna kwa sababu kapokea yeye ya kwanza, hilo bado hatujalimaliza.

Jumatatu tukafanya ya karatasi. Mzunguko wa kwanza umeharibika kwa sababu ya kijinga, bosi alikataa kukaa pembeni, akasema na yeye anataka kuandika, sasa bosi wetu anaandika kwa herufi kubwa tupu, karatasi yake ikipita kila mtu anaijua, na kweli tulipokuja kuhesabu yake ndo ilikuwa imeongezewa mawazo mengi kuliko zote 😂 Jumatatu iliyofuata tukachapa kwenye faili moja ambalo halionyeshi nani kaandika nini, majina tukaweka mwisho baada ya kuchagua. Hiyo imeenda vizuri zaidi. Watu wawili bado wanaandika neno moja moja tu, "vijana", "michezo", sijui kama ni uvivu au bado wanapiga ile hesabu ya Ngoja_Kwanza.

Dogo hakuandika lile wazo lake. Limeandikwa na mtu mwingine, na sio mimi. Yule yule aliyecheka. Aliandika "lile la saa kumi, la dogo, tulijaribu?" Sikuamini.

Nikamuuliza dogo swali la Mama Skripti, sauti gani uliisikia. Akasema kuna usiku alilala ofisini anaediti kazi ya mteja, akatoka nje saa kumi, akamkuta mlinzi anahesabu funguo moja moja kwa sauti ya chini, akifika mwisho anaanza upya. Akamuuliza kwa nini, mlinzi akajibu zikishakaa kimya na mimi nalala.

Basi juzi dogo kaenda, kamuomba ruhusa yule mzee, kakubali, karekodi dakika nne kwa simu. Tumesikiliza leo wote saba kwenye spika. Funguo zinalia, moja, mbili, tatu, anasita, anaanza upya. Bosi akasema irudie. Tatizo ni kwamba kuanzia dakika ya pili upepo umeingia, fuu fuu fuu mpaka mwisho, na hapo ndo penyewe mzee anaanza kuongea. Fundi_sauti hiyo inasafishika au turudi kurekodi upya? Dogo anaogopa mzee akijua anarekodiwa tena atahesabu kwa kuigiza.

---

fundi_sauti

Upepo ukishapiga maiki ya simu moja kwa moja huo hausafishiki vizuri, utaukata utakata na sauti ya mzee. Ile ngurumo ya chini unaweza kuipunguza kidogo, ila maneno yaliyomezwa hayarudi.

Rudini, ila msiende na simu mkononi. Tafuteni maiki ndogo ya kubana nguoni, ifunikeni na ule manyoya manyoya wa kuzuia upepo, kama hamna hata kipande cha sponji kinasaidia kuliko kukosa, na mjikinge nyuma ya ukuta upande usiopigwa upepo. Kuhusu kuigiza, mwambie dogo abonyeze rekodi mapema halafu akae tu na mzee, asimuulize kitu nusu saa nzima. Mtu hawezi kuigiza nusu saa saa kumi alfajiri, atachoka asahau kama kuna maiki. Funguo ataanza kuzihesabu mwenyewe.

Na ile ya kwanza yenye upepo msiifute.

---

mhariri_mdogo

Sawa kaka, dogo anasoma hapa pembeni yangu, anauliza nusu saa yote yeye afanye nini.

---

Mama_Skripti

Mwambie afagie.